Habari za Upepo: Miaka Yangu ya Kuandika Kuhusu Wanasiasa wa Malaysia

Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2008, nilituma nyumbani ripoti ya kurasa nne kutoka Kuala Lumpur. Nilieleza, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kukaa nchini mwaka mzima na ushei, kwamba muungano tawala wa Barisan Nasional ungepoteza viti vichache katika uchaguzi wa Jumamosi, lakini ungebaki na theluthi mbili za Bunge kama ulivyozoea. Uchaguzi uliotangulia, wa mwaka 2004, ulikuwa umeupa viti 198 kati ya 219, na kila mkubwa niliyekula naye chakula cha jioni katika wiki zile aliniambia kwamba hali ni shwari. Matokeo yalipokamilika, muungano ule ulikuwa na viti 140 kati ya 222, vinane pungufu ya theluthi mbili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1969. Majimbo ya Penang, Kedah, Perak na Selangor yaliangukia mikononi mwa upinzani, na Kelantan ikabaki hukohuko upinzani ilikokuwa. Ripoti yangu ilikuwa bado haijafunguliwa na aliyeandikiwa.

Naandika haya kwa sababu kila baada ya miezi michache hunijia kijana, aghalabu mwanafunzi aliyerudi kutoka masomoni, akitaka kuanza kuandika mtandaoni kuhusu siasa za nchi aliyoishi, na kila mara najikuta nikimsimulia mambo yaleyale. Mimi nilikuwa mwanadiplomasia wa daraja la kati, mwenye kazi ya kufuatilia siasa za ndani, na baada ya kustaafu niliandika blogu kwa miaka saba kuhusu nchi ileile. Katika kazi zote mbili nilikosea, na makosa yale hayakufanana.

Lile la Machi 2008 halikutokana na kukosa habari. Habari nilikuwa nazo, tena ndani ya mtoto wa meza yangu. Ofisini kwetu kulikuwa na mtumishi mwenyeji, mama wa makamo, Mmalay wa Perak, ambaye kila asubuhi alikata vipande vya magazeti na kuvibandika katika faili. Tulimwita Kak, yaani dada, naye aliniita Encik, yaani bwana. Baada ya maandamano makubwa mawili ya Novemba 2007 mjini Kuala Lumpur, moja la kudai uchaguzi safi na jingine la Wamalaysia wenye asili ya India, alianza kuniletea jalada la pili, la kijani, lenye kurasa alizozichapa kutoka katika blogu za siasa, akiwa amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nililisoma mara mbili tatu. Nikaona matusi, majina ya bandia na madai yasiyo na ushahidi, nikalisukumia kwenye mtoto wa meza nikarudi kwenye magazeti. Jumapili ya tarehe 9 Machi nilipolifungua kwa utulivu, nilikuta mle ndani picha za mikutano ya hadhara iliyojaa hadi barabarani, masimulizi ya mahekalu ya Wahindi yaliyobomolewa, hasira za watu juu ya ada za barabara kuu na uhalifu mijini, na hesabu za jimbo kwa jimbo zilizofanywa na watu wasiolipwa na yeyote, ambazo zilikuwa karibu sana na matokeo kuliko za kwangu.

Ili msomaji aelewe kwa nini jalada lile lilikuwa na thamani hiyo, inabidi ajue jinsi habari zilivyopita katika nchi ile. Magazeti yalihitaji kibali kilichohuishwa kila mwaka chini ya sheria ya uchapaji ya mwaka 1984, na baadhi ya makubwa yalimilikiwa na vyama vilivyokuwa serikalini. Kwa upande mwingine, mwaka 1996 Waziri Mkuu Mahathir Mohamad alizindua mradi wa kuigeuza nchi kuwa kitovu cha teknolojia, na ili kuwavuta wawekezaji serikali iliahidi kutoweka udhibiti juu ya intaneti. Ahadi hiyo ikaingizwa hata katika sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998. Basi kukawa na mlango uliofungwa na dirisha lililoachwa wazi ndani ya nyumba moja, na watu wakapitia dirishani. Mwezi Novemba 1999 likaanzishwa gazeti la mtandaoni la Malaysiakini, kisha wakaja wanablogu. Jeff Ooi aliandika blogu iitwayo Screenshots. Ahirudin Attan, aliyekuwa mhariri wa magazeti, akaandika ya kwake. Raja Petra Kamarudin, mtu wa ukoo wa kifalme wa Selangor, akaendesha Malaysia Today, ambayo wakubwa waliikana mchana na kuisoma usiku. Januari 2007 gazeti moja kongwe liliwashtaki Jeff Ooi na Ahirudin mahakamani kwa kashfa, na mwaka huohuo wanablogu wakaunda umoja wao. Katika uchaguzi wa 2008 Jeff Ooi akachaguliwa mbunge wa Jelutong, Penang, na hakuwa mwanablogu pekee aliyepata kiti. Kabla mwezi haujaisha Waziri Mkuu Abdullah Ahmad Badawi mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuipuuza kampeni ya mtandaoni lilikuwa kosa kubwa. Nami nilikuwa nimelifanya kosa lilelile, ilhali sikuwa na chama cha kutetea.

Kuna jambo lililonisaidia kujirekebisha, nalo ni lugha. Mzungumzaji wa Kiswahili akiingia katika Kimalay anakutana na ndugu kila kona, kwa sababu lugha zote mbili zimekopa kwa Waarabu na Waajemi. Bunge lao ni Dewan Rakyat. Ukisikia hapo diwani na raia, hujakosea sana. Mbunge ni wakil rakyat, wakili wa raia. Kujuliana hali ni apa khabar, na uvumi unaitwa khabar angin, habari za upepo, neno ambalo tangu nilipolijifunza sijapata lililo bora kuliko hilo. Lakini ndugu hawa wengine wamehama nyumba. Katika miezi yangu ya kwanza nilisoma kichwa cha habari kilichosema kwamba polisi “siasat” mwanablogu fulani, nikaelewa kuwa kuna kikosi cha polisi wa siasa. Kumbe siasat kwa Kimalay ni kuchunguza. Kosa zito zaidi lilihusu neno fitnah. Kiongozi mmoja alilalamika kwamba yaliyoandikwa juu yake ni fitnah, nami nikaripoti kwamba amewatuhumu wanablogu kwa kuchochea fitina baina ya makabila, tuhuma ambayo, katika nchi yenye kumbukumbu ya mauaji ya tarehe 13 Mei 1969 na yenye Sheria ya Uchochezi ya mwaka 1948, ingeweza kumpeleka mtu gerezani. Yeye alikuwa amesema tu kwamba wamemsingizia. Kak ndiye aliyenishika mkono nikiwa tayari kutuma. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuandika siasa za watu wengine nitamsihi kwanza ajifunze lugha yao hadi afike pale ambapo maneno anayodhani anayajua yanaanza kumtia shaka, kwa kuwa maneno yale mageni kabisa hayana madhara makubwa, maana utayatafuta katika kamusi; anayekuponza ni lile unalolipita kwa sababu unadhani ni la kwenu.

Mwezi Aprili 2008 nilianza kuhudhuria ceramah, mikutano ya usiku ambayo wanasiasa wa kule huifanya viwanjani na kando ya maduka. Nilikaa nyuma, kama anavyopaswa kukaa mtu aliyefungwa na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaomkataza mwanadiplomasia kujiingiza katika mambo ya ndani ya nchi aliyopokelewa. Nakumbuka usiku mmoja Petaling Jaya mvua iliponyesha katikati ya hotuba. Watu hawakuondoka. Mzee wa Kichina aliyesimama mbele yangu alikunja noti ya ringgiti kumi mara tatu hadi ikawa ndogo kama punje ya hindi, akaitumbukiza katika kopo la michango lililokuwa likipitishwa, kisha akafungua mwavuli wake na kumkinga kijana wa Kimalay asiyemjua aliyekuwa kando yake. Sikuwahi kuona jambo kama hilo katika chumba chochote cha chakula cha jioni, na kama ningetoka kulitazama mwezi mmoja kabla, ripoti yangu ingekuwa nyingine.

Hata hivyo nilipita kiasi. Aliyekuwa amewadharau wanablogu sasa aliwaamini kama vitabu vya hesabu. Mwezi Agosti 2008 Anwar Ibrahim, aliyefukuzwa unaibu waziri mkuu mwaka 1998 na kufungwa, alirudi bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Permatang Pauh, akatangaza kwamba ifikapo tarehe 16 Septemba, siku ya kumbukumbu ya kuundwa kwa Malaysia mwaka 1963, wabunge wa kutosha wa upande wa serikali wangemhamia naye angeunda serikali mpya. Blogu zikawaka moto. Kila asubuhi zilitolewa idadi mpya: thelathini, arobaini, hamsini. Wabunge kadhaa wa muungano tawala wakapelekwa Taiwan kwa ziara ya kujifunza kilimo katika wiki ileile, na tafsiri ikawa kwamba wamefichwa wasinunuliwe. Tarehe 12 Septemba Raja Petra alikamatwa chini ya Sheria ya Usalama wa Ndani, iliyoruhusu kumweka mtu kizuizini bila kesi, pamoja na mbunge mmoja na mwandishi mmoja wa gazeti. Nami nikaona hiyo ni dalili ya utawala unaokata roho. Niliandika nyumbani kwamba mabadiliko ya serikali yanawezekana ndani ya siku chache. Tarehe 16 ikaja ikapita, na serikali ikabaki pale ilipokuwa. Raja Petra aliachiwa na Mahakama Kuu ya Shah Alam mwezi Novemba. Abdullah hakuondoka hadi Aprili 2009, na aliyemrithi alikuwa Najib Razak wa chama kilekile.

Nilipojichunguza baadaye niliona kwamba nilikuwa nimehesabu vyanzo ishirini, kumbe kilikuwa chanzo kimoja kilichonukuliwa na watu ishirini. Tangu hapo nilianza kutumia daftari lenye safu tatu: niliyoyaona kwa macho, niliyoambiwa na mtu aliyekuwapo, na niliyoambiwa na mtu aliyeambiwa. Safu ya tatu ndiyo hujaa haraka kuliko zote. Namhimiza kila anayeanza kuandika afungue daftari la namna hiyo kabla ya kununua jina la tovuti, maana katika kichwa cha mwandishi mambo ya safu ya tatu huhamia safu ya kwanza yenyewe, polepole, bila mwandishi kukusudia udanganyifu wowote.

Wakati huohuo nilikuwa nikimsoma mwanablogu wa aina nyingine kabisa. Mwezi Mei 2008 Mahathir, akiwa na miaka 82, karibu miaka mitano tangu aache uwaziri mkuu, alianzisha blogu aliyoiita Chedet, kwa jina la kalamu alilolitumia gazetini alipokuwa mwanafunzi. Mtu aliyetawala miaka 22 huku magazeti yakimwogopa alijikuta hana gazeti la kumchapisha anavyotaka, akapitia dirisha lilelile aliloliacha wazi mwenyewe. Aliandika aya fupi alizozipa namba, kwa Kimalay na kwa Kiingereza, kama mwalimu anayeandika ubaoni. Sisi wa Afrika Mashariki tulimjua kama mtetezi wa nchi za Kusini, mtu aliyesaidia kuasisi Tume ya Kusini ambayo Mwalimu Nyerere aliiongoza, na nilikuwa na heshima ya zamani kwake. Kumsoma kila wiki kulinifundisha kwamba blogu ya mwanasiasa si shajara. Ni hotuba. Inafaa kusomwa kwa kuangalia ni jina la nani limeachwa safari hii, ni nani ambaye jana aliitwa kwa cheo chake chote na leo anaitwa kwa jina tupu. Katika nchi yenye vyeo vya Tun, Tan Sri, Datuk na Dato', vingine vikitolewa na Mfalme wa nchi nzima na vingine na masultani wa majimbo, kuondoa cheo ni kauli nzito.

Nilistaafu mwishoni mwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata, nikiwa Dar es Salaam, nikaanza blogu yangu kwa Kiswahili. Nilikuwa na sababu njema. Watanzania wengi walikuwa wakisoma katika vyuo vya Malaysia, wazazi wao walitaka kuijua nchi ile, na wakubwa wetu waliitaja kila walipotaka mfano wa nchi iliyopata uhuru karibu na wakati wetu ikatupita kwa uchumi. Mwaka 2013 serikali yetu iliazima kwao mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na mwaka huohuo mkutano wa majadiliano ya ushirikiano uliotokana na ile mikutano ya Langkawi, kisiwa cha Malaysia, ukafanyika Dar es Salaam. Niliamini kwamba mtu aliyeishi kule ana wajibu wa kueleza kwamba nyuma ya takwimu zile kuna siasa, na siasa yenyewe ina watu.

Gharama za fedha hazikuwa kubwa mwanzoni: jina la tovuti, mahali pa kuihifadhi, na vocha za intaneti, yote kama laki mbili na nusu kwa mwaka kutoka katika pensheni. Gharama iliyoniumiza ilikuwa nyingine. Mwaka 2012 niliandika makala kuhusu wanasiasa wanaohama vyama, ambao kule huitwa katak, vyura, kwa kuwa huruka. Nilikuwa na kisa kizuri cha jimbo la Perak, ambako Februari 2009 wajumbe watatu wa baraza la jimbo waliuacha upinzani na serikali ya jimbo ikaanguka. Ningeweza kuishia hapo, maana hayo yalijulikana na kila mtu. Badala yake nikaongeza tukio la mezani: mwanasiasa mmoja wa jimbo jingine, aliyenialika nyumbani kwake mara kadhaa, ambaye mkewe alimfundisha mke wangu kupika rendang, alikuwa ameniambia usiku mmoja kwamba naye alifuatwa na kuahidiwa cheo, na kwamba aliomba siku tatu za kufikiri kabla ya kukataa. Sikumtaja jina. Nilitaja tu kwamba alikuwa mwalimu zamani, kwamba eneo lake lina mashamba ya mpira, na kwamba aliomba siku tatu.

Niliamini Kiswahili ni pazia. Mwanafunzi mmoja aliitafsiri makala ile kwa nia njema akaisambaza kwa marafiki zake wa chuoni, na kwa siku mbili watu wa jimbo lile walikuwa wamemtambua, kwa sababu walimu wa zamani wenye viti katika maeneo ya mashamba ya mpira si wengi. Gazeti moja la kule likaandika. Wenzake katika chama hawakuuliza kwa nini alikataa; waliuliza kwa nini alihitaji siku tatu. Mkubwa wangu wa zamani wa kazi alinipigia simu, akaniamkua kwa upole, akaniuliza swali moja: “Ndugu yangu, usiku ule ulialikwa kama nani?” Sikuwa na jibu, kwa sababu nilialikwa kama ofisa wa ubalozi na nikasimulia kama mwandishi. Rafiki yangu aliniandikia mstari mmoja kwamba mlango wake ulikuwa wazi kwangu na nimeuacha wazi kwa kila mtu. Niliiondoa makala, nikamwomba radhi kwa barua ya mkono, na hakujibu.

Ndiyo sababu siwaelewi wastaafu wanaosema kwamba ukiacha kazi uko huru kusema. Kiapo cha siri za serikali hakiishi kwa kustaafu, hilo linajulikana na kila mtumishi. Lakini kuna deni jingine lisiloandikwa popote, la yale uliyoambiwa kwa sababu ya kiti ulichokikalia. Kanuni niliyojiwekea baada ya mkasa ule ni kwamba jambo lolote nililolisikia nikiwa kazini siliandiki isipokuwa nilikute limekwisha kuandikwa na mtu mwingine, kwa jina lake, mahali ambapo ningelisoma hata kama nisingekuwa mwanadiplomasia. Kanuni hiyo ilinipunguzia makala nyingi nzuri. Ilinipunguzia pia aibu. Na kuhusu kuficha jina la mtu, nimejifunza kuipima makala kwa kujiuliza kama mke wa mhusika angemtambua mumewe. Kama angemtambua, basi jina halijafichwa.

Miaka iliyofuata niliandika kwa hadhari zaidi, na ninaamini niliandika vizuri zaidi. Uchaguzi wa mwaka 2013 ulinipa nafasi ya kueleza jinsi muungano uliopata kama asilimia 47 ya kura ulivyochukua viti 133 kati ya 222, nikaonyesha majimbo ya uchaguzi ya mijini yenye wapiga kura wengi na ya vijijini yenye wachache, yote yakiwa na mbunge mmoja mmoja. Wasomaji wangu wa Kenya waliielewa hoja hiyo mara moja. Julai 2015 zilipotoka habari za karibu dola milioni 700 zilizoingia katika akaunti za Waziri Mkuu Najib, zikihusishwa na mfuko wa serikali wa 1MDB, nilingoja karibu mwezi mzima kabla ya kuandika neno. Wakati nangoja, tovuti ya Sarawak Report iliyokuwa mstari wa mbele kuchimba jambo lile ikafungiwa ndani ya Malaysia, naibu waziri mkuu Muhyiddin Yassin akaondolewa, na mwanasheria mkuu wa serikali pia. Mwezi ule mmoja ulinipa makala iliyosimama kwa ushahidi wa matendo ya serikali yenyewe, bila kuhitaji uvumi wa mtu yeyote. Ahadi ya mwaka 1996 ya kutoidhibiti intaneti ilivunjwa mchana kweupe, na nilisikitika kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga ikizibwa dirisha.

Kosa langu la mwisho lilikuwa la kujiamini. Mapema mwaka 2016 niliandika kwamba Mahathir na Anwar hawatakaa meza moja maishani mwao, kwa kuwa mmoja alimfukuza mwenzake, na mwenzake akaishia gerezani na jicho lenye jeraha la kipigo cha mkuu wa polisi. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo Mahathir alikwenda mahakamani Kuala Lumpur, ambako Anwar aliletwa kutoka jela, wakapeana mikono kwa mara ya kwanza baada ya miaka 18. Sikuifuta makala yangu. Juu yake niliweka aya yenye tarehe, nikisema kwamba nilikosea na kueleza nilipokosea: nilipima chuki ya wanaume wawili nikasahau kupima walichokuwa wakikitaka wote wawili, ambacho ni kumwondoa mtu wa tatu. Wasomaji walioniandikia kwa sababu ya aya ile walikuwa wengi kuliko walioniandikia kwa sababu ya makala yoyote niliyopatia. Ripoti ya ubalozi ikikosewa hulala katika jalada na mwandishi wake hupandishwa cheo. Maandishi ya hadharani yakikosewa yanabaki mbele ya watu, na heshima pekee inayopatikana ni ya kuyasahihisha palepale yalipo, kwa tarehe, bila kuyafuta.

Mwaka 2018 ulifunga hesabu. Machi mwaka huo zilitangazwa nchini kwetu kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni mbili. Mwezi uliofuata Bunge la Malaysia likapitisha sheria dhidi ya habari za uongo yenye kifungo cha hadi miaka sita. Nilikaa na mke wangu, tukapiga hesabu ya pensheni, ada za wajukuu na dawa zangu za presha, tukaona haiwezekani. Makala yangu ya mwisho niliiandika usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei, baada ya kumwona Mahathir, mwenye miaka 92, akiapishwa kuwa waziri mkuu kwa mara ya pili, kufuatia uchaguzi ulioung'oa muungano uliotawala tangu uhuru wa mwaka 1957. Niliandika nikitokwa na machozi, kwa furaha ya wale watu waliosimama mvuani Petaling Jaya miaka kumi nyuma. Kisha nikafunga. Ile sheria ya Malaysia ilikuja kufutwa mwaka uliofuata.

Kwa anayeanza leo nitaongeza tahadhari moja ya kifundi: chapa kila unachoandika. Makala zangu zote za mwaka 2011 zilipotea kwa sababu kadi yangu ya benki iliisha muda nami sikuangalia barua pepe za onyo kwa miezi miwili. Zilizobaki ninazo kwenye karatasi, katika masanduku mawili, na yaliyotokea baadaye nimeyafuatilia kama msomaji wa kawaida: serikali ile kuanguka Februari 2020 kwa wabunge kuhama, katiba kurekebishwa na kuanza kutumika Oktoba 2022 ili mbunge anayekihama chama chake apoteze kiti, kama ilivyo kwetu kwa miaka mingi, na Anwar kuapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 24 Novemba 2022, miaka 24 baada ya kufukuzwa. Siku ile ningependa kuwa na mahali pa kuandika.

Mwaka jana kijana mmoja aliyesoma Penang alikuja nyumbani, akaniamkua, akaniambia, “Mzee, nataka kuanza kuandika.” Nilimtolea jalada la kijani, ambalo Kak alinipa siku niliyoaga. Nililichukua siku ile kama ukumbusho tu na sikulifungua tena hadi nilipokaa na kijana huyo barazani. Alikuwa akigeuza kurasa taratibu, akasimama kwenye karatasi ya tarehe 5 Machi 2008, siku moja kabla ya ripoti yangu, picha ya mkutano wa usiku katika mji wa Ipoh, akaniuliza maneno ya pembeni ni mwandiko wa nani. Ulikuwa mwandiko wa Kak, kwa kalamu yake nyekundu, na sikuwahi kuuona: “Encik, tolong baca yang ini dulu.” Bwana, tafadhali soma hii kwanza.